Mpira Uliofuka

Mtu akitaka kwenda kuhiji, pasipoti na chanjo si kazi. Kazi ni radhi. Inabidi amfikie kila aliyemkosea, amtazame usoni na kumwomba msamaha, maana Mungu husamehe ya kwake, lakini ya watu huwaachia watu wenyewe. Daktari Kerrow Noordin wa Garissa, aliyestaafu mwaka huu baada ya zaidi ya miaka thelathini ya kupasua na kushona, aliifanya kazi hiyo kama alivyozunguka wodini: kwa daftari, kwa kalamu na kwa mwendo wa haraka.

Nesi Fartun alimsamehe maneno yote ya chumba cha upasuaji, yale ambayo mtu husema mkasi usipofika mkononi kwa wakati. Jirani alimsamehe jiwe alilomrushia mbuzi wake. Mkewe, Yurub, alisema atamsamehe bila shida yoyote, ila kwanza akae chini amsomee makosa yake. Akaketi, akasomewa kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, na mengine alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. Kila aliyemsamehe, daktari alilikata jina lake. Kufikia Ijumaa lilibaki jina moja tu, nayo ndege ilikuwa Alhamisi.

"Abdullahi Mohamednoor, Griftu," Yurub alisoma. "Huyu ni nani? Ulimpasua vibaya?"

"Hapana. Niliudaka mpira wake."

"Na kudaka mpira ni dhambi tangu lini?"

"Kuudaka si dhambi," daktari alisema. "Mahali nilipoudakia ndiyo dhambi."

Yurub alikuwa ameolewa naye miaka thelathini na hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alipomaliza kuelezwa, alilifunga daftari akamrudishia. "Nenda Griftu," alisema. "Mimi sipandi ndege na mtu mwenye goli la watu mfukoni."

Habari yenyewe ni hii. Mwaka wa themanini na tatu Kerrow alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mwembamba, mwenye mikono iliyomtia aibu kila mahali isipokuwa golini. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani, na baba yake, mwadhini wa msikiti, alikuwa ameshamtengea ngamia wa kuchunga. Mpira waliucheza kwa mapenzi tu. Timu nzima ilikuwa na jezi saba za dukani na nne alizozishona fundi, na glavu za kipa zilikuwa soksi alizozikata mwenyewe.

Fainali ya kombe la mkoa ilichezewa Garissa, kati ya Garissa na Griftu, kwenye uwanja wa vumbi wenye magoli ya miti yasiyo na nyavu. Mstari wa goli ulichorwa kwa jivu, na jivu hilo lilikuwa limekanyagwa tangu saa nane mchana, kwa hiyo ilipofika dakika za mwisho mstari ulikuwa jambo la imani tu. Hakuna aliyekuwa amefunga. Hapo mshambuliaji wa Griftu, Abdullahi, kijana mfupi mwenye matege, akawapita mabeki wawili na kupiga shuti la chini. Kerrow akaruka. Aliudaka, tena vizuri sana, kwa mikono yote miwili. Tatizo ni kwamba alipoudaka alikuwa ameanguka ndani ya goli, mwili mzima, kuanzia nywele mpaka visigino. Vumbi likapanda. Akabingirika kutoka nje na mpira kifuani, na vumbi lilipotua alikuwa amelala mbele ya mstari kama mtu asiye na hatia hata moja.

Refa, Mswahili wa Lamu, alifika akihema. Alikuwa mbali na hakuona kitu. Vijana wa Griftu walikuwa wanakumbatiana, wa Garissa wanapiga kelele, na mashabiki wa pande zote mbili walikuwa wameshaanza kuvua viatu. Refa akainama. "Kijana, wewe ni mtoto wa mwadhini. Sema kweli. Umeingia?"

"Haujaingia," Kerrow alisema.

Refa akaamini. Kerrow akaupiga mpira mbele wakati Griftu bado wamekumbatiana, Garissa wakafunga, na kombe likabaki Garissa. Jioni hiyo hiyo mwalimu mkuu mmoja kutoka bara, aliyekuwa mgeni rasmi, alimwita kipa kando akamwambia kwamba shule yake ina maabara nzuri, ina maktaba nzuri, ila haina kipa. Akamuuliza alipata alama gani. Alipozisikia alishika kofia yake kwa furaha. Wiki mbili baadaye Kerrow alikuwa kidato cha tano kwenye baridi ya milimani, na kutoka hapo akaenda chuo kikuu, akasomea udaktari. Ngamia wa baba yake wakapewa ndugu yake.

Abdullahi naye alirudi Griftu na jina jipya. Wasomali hawana huruma kwenye mambo ya majina. Mwenye jicho moja ataitwa kwa jicho lake, kilema ataitwa kwa mguu wake, na hakuna anayekasirika kwa sababu hakuna anayeachwa. Abdullahi alisema goli liliingia. Alilisema msikitini, kisimani, sokoni, mwezi mzima, mpaka watu wakachoka wakamwita Goollaawe, yaani asiye na goli. Jina likamganda. Hata huko Garissa daktari alilisikia, maana wagonjwa waliotoka Wajir walikuwa wakisema, "Nimeletwa na lori la Goollaawe." Siku hizo daktari alikuwa na kipimo cha moyo masikioni, lakini moyo aliousikia ukipiga ulikuwa wake mwenyewe.

Basi Jumamosi alfajiri aliwasha gari, akaikamata barabara ya Modogashe. Alilala Wajir kwa mpwa wake, na Jumapili saa nne asubuhi alikuwa Griftu, amesimama kwenye soko la mifugo, katikati ya ngamia na kelele, akitafuta mtu.

"Namtafuta Abdullahi Mohamednoor," alimwambia dalali mmoja.

"Abdullahi Mohamednoor wako sita. Yupi?"

"Mfupi. Ana matege."

"Hao ni wanne."

Daktari alikohoa. Ilibidi alitamke. "Goollaawe," alisema polepole, na uso ukamwaka.

"Ah! Si ungesema!" Dalali alimwonyesha geti la buluu ng'ambo ya barabara.

Abdullahi alikuwa na ndevu zilizopakwa hina na furaha ya mtu anayependa wageni. Hakumtambua. Alimkaribisha kwenye mkeka, akaagiza chai ya maziwa ya ngamia, akamuuliza habari za mvua ya Garissa, bei ya majani ya ng'ombe na afya ya watu ambao daktari hakuwajua hata kidogo. Chai ililetwa na binti yake, Khadra, msichana wa miaka ishirini na sita. Alimsalimia mgeni kwa adabu, akamwita adeer, yaani baba mdogo, kisha akaketi nje ya mlango kusahihisha madaftari.

Sasa, njia nzima daktari alikuwa amepanga kuungama kwa Kiswahili. Kwa Kisomali maneno yale yalikuwa karibu mno na ngozi. Kiswahili ni lugha ya ofisini, lugha ya refa, lugha ambayo mtu anaweza kusemea jambo zito kama anayejaza fomu. Tena alihesabu kwamba watu wa nyumbani hawatafuata, na aibu itabaki ya wanaume wawili. Hesabu yake ilikuwa na makosa mawili. Kosa la kwanza ni kwamba kwa kawaida Kiswahili chake kilikuwa safi, cha mtu aliyesoma bara na chuo kikuu, lakini akiingiwa na hofu ulimi wake ulikimbia moja kwa moja kurudi nyumbani kwa baba yake, ambako p huwa b na v huwa f.

"Mzee Abdullahi," alianza, na jasho lilikuwa limeshafika kwenye kola. "Mimi ni Kerrow. Kiba wa Garissa, mwaka themanini na tatu. Nimekuja kuomba radhi. Ule mbira wako... ule mbira ulifuka."

Abdullahi aliweka kikombe chini. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia ngamia. "Ulifuka?"

"Ulifuka."

"Mbira nafuka namna gani? Kwani ilikuwa na moto ndani?"

"Habana, mzee. Ulifuka mstari!"

"Mstari nayo ilifuka?" Abdullahi alimtazama kwa huruma. Alishaona watu waliochanganyikiwa kwa jua la barabara ile. "Wewe bumzika kwanza, ndugu yangu. Kunywa maji."

Kosa la pili la hesabu ya daktari lilikuwa limeketi nje ya mlango na kalamu nyekundu. Khadra alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa darasa la saba, na mwalimu akisikia neno limekosewa hawezi kunyamaza hata akiwa mazishini.

"Aabo," alimwambia baba yake bila kuinua kichwa, "hasemi ulifuka. Anasema ulivuka. Vu, vu. Mpira ulivuka mstari."

Kisha akasikia alichokisema. Kalamu ikasimama. Aliingia ndani, akamtazama mgeni, akamtazama baba yake, na safari hii akasema kwa Kisomali, kwa sauti ndogo. "Aabo. Liliingia."

"Rudia," Abdullahi alisema.

"Liliingia."

"Tena."

"Goli lako liliingia, aabo."

Abdullahi aliinuka. Hakumtazama daktari. Alivaa ndala, ya kulia mguu wa kushoto, akatoka getini bila kofia na bila fimbo, na mlio wa ndala zile ukaishia upande wa soko.

Daktari alibaki na kikombe mkononi. Alikuwa amewapa watu habari za kifo, alikuwa amesimama saa saba mfululizo juu ya matumbo ya watu, lakini hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa juu ya mkeka ule. Aliona aibu, tena aibu ya kitoto, ya mtu aliyekamatwa na sukari mdomoni. Ikiwa mzee amekataa, basi. Hakuna Makka. Na Yurub angesikia.

"Adeer," Khadra alisema, "unajua watoto wa shule wananiitaje? Mwalimu Bila Goli." Alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka akashika mlango. Daktari hakujua kama anaruhusiwa kucheka naye. Alicheka kidogo tu, kwa tahadhari.

Hapo akaingia mama yake Khadra, Ebla, amebeba kibuyu cha maziwa. Alisimama katikati ya chumba akaitazama mikono ya mgeni, ile mikono mirefu, kwa muda ambao si wa kawaida.

"Hii mikono naijua," alisema. "Wewe hukuwa Wajir mwaka wa mvua ya Elnino?"

"Nilikuwa, mama. Miaka minne."

"Mimi ni Ebla. Mafuriko yalikata barabara. Mume wangu alikuwa ng'ambo ya maji na ngamia, tukashindwa hata kumpelekea salamu. Ndugu zangu walinifikisha hospitali juu ya kitanda cha kamba, siku ya tatu ya uchungu, mtoto amekaa kiubavu. Wakunga walikuwa wameshaanza kunisomea Yasini. Ukaja wewe, ukasema, 'Mama, huyu nitamdaka mimi.' Nikafikiri, huyu daktari ni mwendawazimu."

Daktari hakumkumbuka. Mwaka ule aliwapasua kina mama wengi, na Ebla alikuwa ameandikwa kwa jina la baba yake, kama ilivyo desturi, kwa hiyo hata kama angesoma faili mara kumi asingelijua jina la mumewe. Lakini maneno yale yalikuwa yake. Aliyasema kila mara.

"Mtoto mwenyewe?" aliuliza.

Ebla alimwonyesha Khadra kwa kidevu. "Huyo hapo. Anakusahihisha Kiswahili."

Mara kelele zilisikika kutoka sokoni. Zilianza kama ugomvi, zikawa kama harusi, zikaja barabarani. "Goool! Goool!" Geti likafunguka na Abdullahi akaingia amebebwa mabegani na madalali wawili, machozi yamelowesha hina, ndala moja imepotea, na nyuma yake kundi la wanaume arobaini hivi wenye fimbo. Mbele yao alikuwa Rage, mzee aliyecheza winga siku ile, ambaye hutembea kwa magongo tangu mwaka jana. Sasa alikuwa ameyabeba magongo yote mawili hewani na kucheza. Daktari aliangalia kiuno cha mzee yule kwa jicho la kazi, akaamua kunyamaza. Ngamia wawili walioshtuka walikuwa wameingiza shingo juu ya ukuta kuona kuna nini.

"Simama uwaambie!" Abdullahi alilia. "Kwa mdomo wako!"

Daktari akasimama, akatoka uani, na safari hii hakutafuta lugha ya kujifichia. "Mpira uliingia wote," alisema kwa Kisomali. "Niliudakia ndani. Refa aliniuliza, nikasema uongo. Nawaomba radhi wote, na kwanza namwomba Abdullahi."

Griftu ilishangilia goli lile kana kwamba jivu la mstari lilikuwa bado na joto. Wanawake walipiga vigelegele kutoka nyumba tatu. Abdullahi alishushwa chini. Alijipangusa uso, akanyoosha shuka, akasimama mbele ya daktari. Ilionekana wazi kwamba atasamehe, ila atasamehe taratibu, kama mtu anayekula nyama nzuri asiyotaka iishe.

"Miaka arobaini na moja," alianza. "Miaka arobaini na moja nimeitwa..."

"Abdullahi," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Kabla hujamaliza, muulize amekuwaje daktari."

"Hiyo inahusu nini?"

"Muulize."

Daktari alieleza mwenyewe: mgeni rasmi, kofia, shule ya bara isiyo na kipa.

"Na kama goli lingekubaliwa?" Ebla aliuliza.

"Asingeniita. Kipa aliyefungwa angemtakia nini? Ningechunga ngamia wa baba."

"Na mwaka wa Elnino, Wajir mlikuwa madaktari wangapi wa kupasua?"

"Nilikuwa peke yangu, mama. Wenzangu walizuiwa na maji."

"Mume wangu," Ebla alisema, "daktari aliyenipasua nikiwa na Khadra ndiye huyu."

Abdullahi alimtazama mkewe, akaitazama mikono ya daktari, kisha akamtazama binti yake aliyesimama na kalamu nyekundu sikioni, na hapo alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayehakikisha kwamba kitu chake kipo chote. Kisha akawageukia wanaume arobaini, akainua mkono juu kama refa.

"Goli limefutwa," alisema.

Jamani, kelele! Fimbo zilipanda hewani. Rage alikuwa karibu kulia. "Huwezi kufuta! Nimelingoja tangu nina meno yote!"

"Nani alipiga shuti?"

"Ni wewe."

"Basi mpigaji anasema halikuingia. Refa alisema kweli. Nendeni mkauze ngamia."

"Pasi ilikuwa yangu!" Rage alipiga gongo chini. "Nusu ya goli ni yangu! Futa nusu yako!"

"Lakini liliingia!" daktari alipiga kelele, maana naye sasa alikuwa amechanganyikiwa kabisa. "Nimetoka Garissa kuja kusema liliingia!"

"Wewe nyamaza. Ulikuwa na vumbi machoni."

"Sasa radhi yangu? Ndege ni Alhamisi!"

Abdullahi alimshika mabega yote mawili, akamvuta mpaka hina ikamgusa sikio, akamnong'oneza ili wengine wasisikie. "Nimekusamehe. Leo, na jana, na siku ile ile. Nenda, Mungu akupokee, na unisalimie Mtume." Kisha akamwachia na kurudi kwenye vita vyake.

Daktari alirudi ndani akaketi mkekani. Alikuwa na furaha nyingi kiasi kwamba alisahau kalamu na daftari viko wapi. Nje walibishana kama goli linaweza kufutwa na mtu mmoja, kama linagawanyika, kama kombe lirudishwe au la, na wawili waliozaliwa baada ya mechi ndio waliojua zaidi kuliko wote. Walibishana mpaka adhana ya adhuhuri ikawanyamazisha, wakaenda kutawadha wakiendelea kubishana kwa mikono.

Abdullahi hakwenda nao mara moja. Alikuja na mguu wake mmoja mtupu, akaketi kwenye kizingiti, akapigapiga kwa mkono mahali pa kando yake kumwita binti yake.

"Aabo," Khadra alisema, "lakini liliingia."

"Najua," baba yake alisema. "Kaa hapa karibu yangu."